Mzigo wa Maganda ya Chenza

Tangu nirudi nyumbani hamnipi pumzi. Kila mlango ninaobisha hodi naulizwa lile lile: eti ni kweli mimi na Bi Tatu tulipanda baiskeli tukayakata mashamba ya China siku nne, yeye na buibui lake, na chupa ya mafuta ya kula imefungwa kwenye keria? Ni kweli. Na eti ni kweli tulirudi na takataka za chenza? Hilo nalo ni kweli, ila neno takataka mtalifuta wenyewe mkisoma mpaka mwisho. Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila mmoja wenu amechukua kipande chake akakitia chumvi mpaka sikitambui. Haya basi, someni yote kwa mfululizo, mkimaliza mniache nile.

Kwa wasiomjua, Bi Tatu ni mfanyabiashara wa nguo kutoka Zanzibar. Ni mwanamke wa makamo, mnene, mcheshi, na huzungumza na kila mtu kwa Kiswahili, awe anakijua asikijue. Mimi nilikuwa mwaka wa nne wa udaktari hapo Guangzhou. Siku zisizo na masomo nilikuwa namfanyia ukalimani madukani Shisanhang, na hapo ndipo tulipozoeana.

Sanyuanli: China yenye ghala tu

Mzigo wake wa magauni ulikuwa umekwama kiwandani, mtaa wa Sanyuanli. Kila tukienda, mwenye kiwanda, laobani kama tunavyowaita mabosi wote kule, anatupa viti na chai, kisha anasema "mingtien", yaani kesho. Kesho yake tunakuta viti, chai na mingtien nyingine. Siku ya tano Bi Tatu alikaa juu ya robota la nguo pale barabara ya Zhanqian, akavua viatu, akapumua kwa nguvu.

"Mwanaidi mwanangu, hii safari yangu ya sita China. Mtu akiniuliza China ikoje, ntamwambia ina ghala, ina ngazi, ina mingtien. Sijaona hata kuku anayetembea kwa miguu yake."

Nilicheka, lakini jioni ile nilimwambia mwanafunzi mwenzangu mmoja, kijana wa Kaiping. Akageuza karatasi ya somo la mifupa, akatuchorea ramani kwa nyuma. Hakuandika kilomita hata moja. Aliandika chakula: hapa mle maziwa, hapa mle chenza, hapa kwetu mle wali wa samaki mkunga. Bi Tatu alipotafsiriwa akasema hiyo ndiyo ramani ya kwanza maishani mwake kuielewa.

Baiskeli mbili kuukuu tulizipata kichochoroni nyuma ya nyumba niliyopanga. Zilikuwa nyeusi na nzito, breki zake za vyuma zinalia kama mlango wa jela. Nilimuuliza Bi Tatu alijifunzia wapi kuendesha.

"Kwenye ya kaka yangu, akilala mchana. Nilichapwa siku tatu mfululizo. Siku ya nne nikawa najua."

Guangzhou hadi Shunde: zawadi isiyokuwa zawadi

Tulitoka alfajiri tukiwa katikati ya mto wa baiskeli, watu wanakwenda kazini mamia kwa mamia, hakuna anayegusana na mwenzake. Mimi nilikuwa naogopa hata kujikuna. Mji ulipoisha, baiskeli ziliisha, yakabaki malori na sisi.

Hapo ndipo nilipojua kwamba ajabu ya barabara ile ni sisi wenyewe. Mzee mmoja aliyekuwa anakuja mbele yetu alituangalia, akaendelea kutuangalia, shingo inageuka na sisi, mpaka akaingia na baiskeli yake katikati ya tuta la mboga za watu. Nilishtuka nikadhani ameumia. Aliinuka na majani kichwani, akatupungia mkono, akabaki amesimama palepale kwenye mboga ili atuone vizuri tukiishilia.

"Maskini, mzee wa watu," alisema Bi Tatu. "Na bado hajatusikia tukizungumza."

Shunde ni nchi ya mabwawa. Kushoto bwawa, kulia bwawa, katikati njia, na samaki wanaruka ukiwa kwenye pedeli. Mchana tuliingia mkahawani, na hapo ile chupa ya mafuta ikafanya kazi yake ya kwanza. Bi Tatu aliibeba kwa sababu ya mafuta ya nguruwe, ambayo kule ndiyo ladha ya kila kitu mpaka mchicha. Alimkabidhi mpishi kwa mikono miwili, akitabasamu, akasema kwa Kiswahili safi, "Tafadhali baba, utupikie kwa haya." Mimi nilikuwa nje nafunga baiskeli.

Mpishi aliipokea kwa mikono miwili, akainama. Nilipoingia nilikuta chupa yetu imewekwa juu ya rafu, pembeni ya vijiti vya ubani, na mpishi anatoka jikoni na shukrani yake kwa zawadi ile: sahani ya soseji za nguruwe zinazong'aa, zimepangwa kama petali za ua. Bi Tatu aliona rangi yake tu akaelewa. Alinikazia macho bila kupepesa.

"Mwanaidi," akasema polepole, bado anatabasamu kwa ajili ya mpishi, "niokoe."

Kumweleza mtu kwamba zawadi si zawadi ni kazi ngumu kuliko mtihani wa upasuaji. Nilieleza dini, nilieleza mafuta, niliomba radhi mara nne. Mpishi alinitazama, akaitazama chupa, nikajua tumemkosea. Kisha akapasuka kwa kicheko, akaita wenzake watatu akawasimulia, wakacheka wote, halafu akachemsha maji akaosha lile karai mara tatu tukiwa tunatazama. Akaleta kwanza samaki mbichi, kipande chembamba mpaka maua ya sahani yanaonekana chini yake.

"Mwambie amesahau moto," alisema Bi Tatu.

Nilimwambia ndivyo wanavyomla. Alirudi nyuma na kiti chake kidogo, kama mtu aliyeona nyoka asiyetaka kumsumbua. Mimi nilionja, na sitawaambia nilivyoona, maana mama yangu naye atasoma haya. Samaki wa kukaanga alipokuja, kwa mafuta yetu, Bi Tatu alikula akanyamaza, na kwake kunyamaza ndiyo sifa. Tulimaliza na yale maziwa ya kwenye ramani: maziwa ya nyati yaliyogandishwa bakulini, matamu, laini, yana utando wa malai juu na mwingine chini. Alikula bakuli tatu.

Shunde hadi Xinhui: nchi inayotupa tunda

Kivuko kilituchelewesha. Mto ulikuwa umefunikwa na ukungu, pantoni haionekani, na karani wa pale kila akiulizwa hujibu "meiyo", hakuna, bila kuinua macho. Tulisubiri mpaka jua lilipopanda. Bi Tatu hakuchoka hata kidogo, kwani pembeni walikaa wanawake wakishona vipepeo vya kujipepea, vya majani ya mnazi wao wa kule, naye alipoona pindo la kipepeo akasema hapana, hivi sivyo, akachukua kimoja akakimalizia kwa mshono wa kwao Makunduchi. Wale wanawake walikishikashika, wakabishana wao kwa wao, wakampa kikombe cha maji moto. Mpaka pantoni inakuja walikuwa wanaitana majina ambayo hakuna upande uliokuwa na uhakika nayo.

Ng'ambo ya mto, Xinhui, ndipo nilipopata mshtuko wangu. Mnajua mimi ni mtu wa Muheza. Mtu wa Muheza hafundishwi chungwa wala chenza. Tulikuta bibi kibandani kando ya barabara, mbele yake mlima wa chenza zenye ganda la kijani lililoanza kupata manjano. Anamenya kwa kisu kidogo, mikato mitatu, ganda linafunguka vipande vitatu vilivyoshikana chini. Ganda analilaza kwenye ungo kwa adabu zote. Tunda lenyewe, nyama yake, analitupa kwenye ndoo ya nguruwe.

Nilisimamisha baiskeli. Niliuliza kama zimeoza. Akasema hapana, kuleni tu. Tukala, tamu kabisa. Tukamenya nyingine wenyewe, na mimi, kama nilivyofanya tangu nina meno, nikatupa maganda mtaroni.

Yule bibi alipiga ukelele. Aliacha kisu, akashuka mtaroni na viatu vyake vya kitambaa, maji yamemfika kwenye vifundo, akaokota ganda moja moja huku ananikaripia kwa lugha ambayo sikuijua neno hata moja, lakini mama yangu amewahi kunikaripia vilevile. Mwanamume mmoja aliyepita akanieleza kwa Kimandarini. Ganda hukaushwa, huwekwa, na kila mwaka hutolewa juani. Kadiri linavyozeeka ndivyo linavyopanda thamani. Ni dawa ya kifua, ni kiungo cha mchuzi, ni chai. La mwaka huu ni la watoto, la miaka kumi ni la wageni, la miaka ishirini na zaidi halitoki nyumbani ila kuna jambo kubwa.

Nilimtafsiria Bi Tatu. Alinitazama kwa huruma.

"Muheza nzima," akasema, "mmekuwa mkila maganda mkitupa tunda, mkidhani mnakula tunda mkitupa maganda."



Xinhui hadi Kaiping: Bi Tatu anashuka

Yule kijana aliyetuchorea ramani alisahau kutuambia jambo moja: siku yetu ya tatu ilikuwa ile siku ya vuli ambapo watu wa huko hupanda vilimani kufagia makaburi ya wazee wao. Sisi tuliona tu vilima vimejaa watu, moshi, baruti zinalia, vikapu vya vyakula. Bi Tatu alidhani ni harusi za pamoja. Tulipokaribia tukaona kwamba kila kundi limezunguka kaburi, na kaburi lenyewe lina ukingo wa mviringo kama mtu aliyekukunjulia mikono.

Breki za Bi Tatu zililia. "Shuka," akasema.

"Kwa nini? Bado safari ndefu."

"Watu wako makaburini, Mwanaidi. Utapita umekaa juu ya baiskeli, unapiga kengele kama muuza samaki? Shuka."

Nikashuka. Tukakokota baiskeli kwa miguu. Njia ilipita karibu kabisa na kaburi moja dogo, la pembeni, lenye watu wawili tu: bibi kikongwe mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kwenye masikio, na mwanamume wa miaka hamsini kasoro, ameshika jembe. Walikuwa wamekwisha fyeka nyasi. Bibi alikuwa anachoma nguo za karatasi, shati na suruali, zina kola na vifungo vya kuchorwa. Mimi ningepita kimya. Bi Tatu alilaza baiskeli yake majanini, akavuta mtandio vizuri, akaenda moja kwa moja mpaka kwa yule bibi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, bibi yangu. Pole sana. Mungu akupe subira."

Baadaye yule kijana wa Kaiping aliposikia alishika kichwa. Kwao mtu mwenye akili zake hakaribii kaburi la watu wengine, ni mkosi kwa wenyewe na kwa mgeni. Wakati ule sikujua, lakini niliona mgongo wa yule mwanamume umekakamaa na jembe limeinuka kidogo. Nikajitupa mbele kwa Kimandarini changu chote. Tusamehe, nikasema, sisi tunatoka Tanzania, kwetu huwezi kumpita mfiwa bila kumpa pole, hata humjui, hata msiba uwe wa zamani.

Hakusikia lolote baada ya jina la nchi. Alilirudia. Akamgeukia bibi, akamwambia kwa lugha yao. Shati la karatasi likamtoka bibi mkononi kabla halijashika moto, upepo ukalichukua. Akakaa chini kwenye nyasi, kwa ghafla.

Nilijua tumeharibu. Nikaanza kuomba radhi upya.

"Baba yangu yuko kwenu," alisema yule mwanamume.

Nami, Mungu anisamehe, nikachangamka. "Ahaa! Anafanya kazi gani kule?"

"Amezikwa."

Yule mwanamume alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya kijiji, Mwalimu Lam, na bibi ni mama yake. Baba yake alikuwa fundi wa madaraja. Alikwenda kujenga reli yetu, ile ya kwenda Zambia, mwanawe akiwa na miaka ishirini na kidogo, na hakurudi. Ndani ya kaburi tulilosimama mbele yake hamkuwa na mtu. Mlikuwa na koti lake la baridi na jozi ya viatu. Bibi Lam alitoa mfukoni picha ndogo iliyofungwa nailoni: jiwe la kaburi, herufi za Kichina, na pembeni kidogo udongo ambao mtu yeyote wenu angeutambua kwa rangi hata kwenye picha isiyo na rangi.

Kisha akauliza swali moja, na mwanawe akanigeuzia kwa Kimandarini: "Mama anauliza, kule nani humfagilia?"

Mimi mtu wa Muheza, sijui kama yako makaburi ya Wachina wala yako wapi. Nilimgeukia Bi Tatu, nikamweleza swali, nikasema, "Tumwambie ukweli, kwamba hatujui."

"Mwambie tunamfagilia sisi."

"Bi Tatu!"

"Mwambie. Mwambie mie mwenyewe nafagia."

Nikatafsiri. Nataka mjue kwamba nilitafsiri, na masikio yaliniwaka moto mpaka nikadhani yanaonekana. Bibi akauliza kama mahali penyewe pana kivuli, maana mumewe hakuwa anastahimili jua. Bi Tatu akasema kivuli tele. Ndege je? Asubuhi huwezi kulala kwa ndege. Kila neno lilipita kinywani mwangu, na kila neno niliona uso wa yule kikongwe unalegea, kidogo kidogo, kama nguo iliyokuwa imekamuliwa miaka mingi mtu anaikunjua.

Halafu Bibi Lam akapiga magoti mbele ya Bi Tatu. Akashusha paji la uso mpaka chini, na mwanawe naye, mtu mzima, mwalimu wa watu, akapiga magoti pembeni ya mama yake.

Bi Tatu alimrukia yule bibi akamwinua, akamkumbatia, akawa anatikisa kichwa, "La, la, usifanye hivyo, bibi, usinifanyie hivyo." Aliponitazama juu ya bega la yule bibi macho yake yalikuwa ya mtu aliyeingia mahali ambapo mlango umefungwa nyuma yake.

Nyumbani kwa Bibi Lam: wali wenye ukoko

Hawakutuacha tuondoke. Kijiji chao kina minara ya mawe mashambani, mirefu, na madirisha madogo, iliyojengwa na watu wao waliokwenda kutafuta ng'ambo. Mwalimu Lam alisema kila nyumba pale ina mtu wake aliyelala nchi nyingine. Niliisikia kauli ile nikafikiri juu ya ndugu zangu mimi.

Bibi alipika ule wali wa mkunga wa kwenye ramani, kwenye chungu kipya, kwa mafuta ya Bi Tatu, bila kuuliza swali. Mkunga wa mashamba ya mpunga, tangawizi, vitunguu vya majani, na chini ukoko mwekundu unaolia kwenye meno. Siku nyingine tungegombania ule ukoko. Bi Tatu alimega kidogo, akanisogezea chungu. Hapo nikajua amezidiwa.

Baada ya kula bibi aliingia chumbani, akatoka na kopo la bati. Ndani mlikuwa na maganda ya chenza, vipande vitatu vitatu vilivyoshikana chini, meusi kama mkaa. Chumba kizima kilijaa harufu. Alizungumza taratibu, mwanawe akitafsiri.

Mwaka ule mumewe alioitwa kwenda, yeye alimenya chenza ili mumewe aende na maganda yake, maana alikuwa na kifua kibovu na akipenda kuyatia kwenye uji. Lakini amri ilikuja mapema. Mume aliondoka maganda yangali mabichi ungoni, na mabichi yangeoza njiani. Akamwambia, yakikauka nitumie. Akafa kabla hajapatikana mtu wa kumpa. Tangu hapo, kila mwaka jua la vuli likitoka, huyatoa nje, huyageuza, huyarudisha.

Aliyafunga yote kwenye kitambaa cha bluu, akampa Bi Tatu kwa mikono miwili.

"Mwambie," alisema, "yamekauka."

Kisha alinifundisha jina la mumewe. Sitaliandika hapa, ni lao. Nililitamka kwa Kimandarini akatikisa kichwa: hiyo ni lugha ya redio, akiitwa hivyo hatageuka. Alinirudisha nyuma mara kumi, mara ishirini, kwa sauti ya kijiji chao, ananishika kidevu kama mtoto anayefundishwa kusoma, mpaka akaridhika.

Njia ya kurudi: ugomvi

Siku ya nne tairi yangu ilipata pancha karibu na mashamba ya mpunga. Nikiwa nimeinamia beseni la maji la fundi, hasira zikanitoka.

"Umenifanya mwongo, Bi Tatu. Mbele ya mfiwa! Wewe umesema kwa Kiswahili, hakuna aliyekuelewa. Aliyesema uongo ni mimi."

"Ungetaka nimwambieje? Kwamba miaka yote hii tunapanda treni yake na hatujui alipolala?"

"Ndiyo. Maana ndivyo ilivyo."

"Sikia, mwanangu. Mzigo ukiagizwa, haujafika, si uongo. Umechelewa tu. Mie nimeagiza ukweli. Tutaufikisha."

"Hiyo ni mingtien," nikamwambia. "Umekuwa laobani."

Neno lile lilimchoma. Aliinuka, akasimama kando ya barabara na mgongo wake kwangu mpaka fundi alipomaliza. Aliporudi alinipa lile fungu la bluu. "Kaa nalo wewe," akasema. "Jina unalijua wewe, na maandishi ya lile jiwe unayasoma wewe. Lakini nikisikia umekwenda bila mie, Mwanaidi, sitakusamehe duniani wala akhera."

Magauni yake tulipofika Guangzhou, kwa basi lililobeba baiskeli zetu juu, yalikuwa tayari.

Dar es Salaam: barabara ya Pugu

Fungu lile lilikaa sandukuni mwangu miezi tisa, mpaka nilipomaliza mwaka na kuja likizo. Vitabu vyangu vyote vinanuka chenza. Kila mara niliposikia baridi imekuwa kali upande wa Kaiping nilimfikiria yule kikongwe, nikaogopa kwamba atakufa na uongo wangu ndani yake.

Bi Tatu alikuja kutoka Zanzibar na fagio jipya la chelewa limefungwa kwenye gazeti. Aliulizia mjini siku mbili, akaambiwa makaburi ya mafundi wa Kichina yako nje ya mji, njia ya Pugu. Akakataa gari. "Tumeianza kwa baiskeli," akasema, "itaisha kwa baiskeli." Tukaazima mbili Ilala. Malori ya Pugu ni ndugu wa malori ya Guangzhou, ila ya kwetu yanakupigia honi kwanza halafu yanakutukana.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Nilijiandaa kukuta vichaka, mbuzi, mawe yaliyoanguka, nikawa nimefikiri nitamwandikia Mwalimu Lam maneno gani. Mlinzi wa pale, Mzee Ramadhani, alitufungulia geti. Nikasimama. Bi Tatu akasimama nyuma yangu, nikasikia fagio limegonga chini.

Palikuwa pasafi. Mawe yamepangwa safu kwa safu, njia imefagiliwa, alama za ufagio bado mpya kwenye mchanga. Na kivuli kilikuwepo. Na ndege, jamani, ndege walikuwepo, wanapiga kelele mpaka inabidi upaze sauti. Kila kitu ambacho Bi Tatu alikitunga kule kilimani Kaiping kilikuwepo, kimetusubiri.

Tulitembea safu kwa safu na nakala ya ile picha ya jiwe, aliyonitumia Mwalimu Lam. Safu ya nne nililiona. Nilisoma herufi moja moja, nikazisoma tena.

Bi Tatu alifunua fagio lake.

"Bibi, nimefagia leo asubuhi," alisema Mzee Ramadhani, kwa upole lakini amekwazika. "Mimi hufagia kila siku. Pasafi hapo."

"Nakuona, babu, na Mungu akulipe. Wewe umefagia yote. Hili moja niachie, nilikwisha kusema nafagia mie."

Akainama na unene wake, akafagia mchanga usiokuwa na jani hata moja, pande zote nne, mpaka jasho likamtoka. Kisha akanitazama. Nikasogea karibu na jiwe, nikamwita yule baba kwa jina lake, kwa sauti ya kijiji chao. Nikamwita tena, kwa nguvu zaidi, kuwashinda ndege.

Bi Tatu alichimba kwa vidole, akalaza fungu la bluu, akalifukia.

"Mzigo wako umefika, baba," alisema. "Umechelewa, utuwie radhi. Mkeo anasema yamekauka."

Hapo nikalia, na sikuona haya, na Mzee Ramadhani aligeuka akajifanya anatazama geti.

Barua nilimwandikia Mwalimu Lam siku ileile, juu ya goti, kwenye benchi la mlinzi. Nilianza na jambo ambalo mama yake aliuliza: hapa pana kivuli, asubuhi kuna ndege, na tumefagia. Bi Tatu alisimama juu ya bega langu, anazitazama zile herufi ambazo hazijui.

"Umeandika ni mie mwenyewe niliyefagia?"

"Nimeandika."

"Niandikie tena," akasema. "Hapo chini, peke yake."